Maumivu baada ya kuziba au kuunguza uvimbe wa ini: dawa ipi, kiasi gani, saa ngapi

Ukianza zamu kwenye wodi inayopokea wagonjwa wa saratani ya ini, utatamani kwanza kujua dawa ipi ya maumivu ina nguvu kuliko nyingine. Kwa wagonjwa hawa kuna maswali mawili yanayokuja kabla ya hilo: ini lililobaki lina uwezo gani wa kuichakata dawa, na maumivu yatafika saa ngapi. Sindano inayomtuliza vizuri mgonjwa wa henia kitanda cha pili inaweza kumchanganya akili huyu, au kuzima figo zake.

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanafika kwenye saratani hii kupitia homa ya ini aina ya B, na mara nyingi ini lilishajaa makovu kabla uvimbe haujaonekana. Kabla ya kuandika dozi yoyote angalia vipimo vya damu: bilirubini na albumini (hali ya ini), INR (damu inavyokawia kuganda), platileti (chembe za kugandisha damu) na kreatinini (kazi ya figo). Pima tumbo kama lina maji. Muulize mgonjwa leo ni siku gani, mwambie ahesabu kurudi nyuma kuanzia 20, kisha anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama anayesimamisha daladala. Viganja vikipigapiga, ubongo tayari umelemewa na sumu ambazo ini limeshindwa kuzisafisha, na kila dawa ya kusinzisha itaongeza mzigo huo. Yaandike uliyoyaona. Saa nane usiku ukimkuta amesinzia, maandishi hayo ndiyo yatakayokuambia kama hali imebadilika au ndivyo alivyokuwa tangu mchana.

Uvimbe wa ini hupata damu karibu yote kutoka ateri ya ini, wakati ini lenyewe hutegemea zaidi mshipa mkuu unaotoka kwenye utumbo. Ndiyo maana daktari hupitisha kathita, mrija mwembamba, kwenye ateri ya pajani au ya mkononi, akaingiza doksorubisini, dawa ya saratani, iliyochanganywa na mafuta ya lipiodoli, kisha chembe za kuziba ateri inayolisha uvimbe. Maumivu yanaweza kuanza chembe zikiwa bado zinaingia, na saa 24 za kwanza huwa ndizo ngumu, pamoja na homa na kichefuchefu. Kuunguza uvimbe kwa sindano ya joto kuna ratiba nyingine: ukali uko wakati mashine inafanya kazi, hasa uvimbe ukiwa karibu na utando wa ini au chini ya kiwambo, msuli wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo. Mgonjwa atalalamika bega la kulia. Usihangaike na dawa ya kuchua. Neva ya kiwambo inaanzia shingoni, na ubongo unayasoma maumivu hayo kama ya bega.

Tuanze na parasetamoli, maana ndiyo inayoogopwa bure. Ni kweli huua ini ikizidi. Lakini gramu 2 kwa siku, yaani miligramu 500 kila baada ya saa 6, ni kiasi ambacho hata mwenye sirosisi, yaani ini lenye makovu, kwa kawaida hukivumilia, na hakuna dawa nyingine hapa iliyo salama kuipita. Shida huwa kwenye kujumlisha. Dripu ya gramu 1 imetundikwa chumba cha upasuaji saa nne asubuhi, wodini amepewa vidonge viwili saa nane mchana, na ndugu yake ana dawa ya mafua mfukoni ambayo nayo ina parasetamoli. Ukimkuta saa kumi, siku yake imeshajaa. Kuwa mwangalifu zaidi kwa aliyekonda, asiyekula au anayekunywa pombe. Tena pima joto kabla ya kuitoa, la sivyo utaificha homa ambayo ungepaswa kuifuatilia. Kwa usiku wa kwanza baada ya kuziba, parasetamoli peke yake mara nyingi haitoshi.

Diklofenaki ndiyo sindano iliyo karibu na mkono kwenye wodi nyingi, na ndiyo tunayokuomba uiache, pamoja na ibuprofeni na ketorolaki. Figo za mwenye sirosisi zinategemea prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, ili mishipa yake ibaki wazi; dawa hizi huzizuia, tena siku ileile figo zimepokea dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha. Ongeza hapo mishipa iliyovimba kwenye umio, inayoweza kupasuka, na platileti chache. Kuna vituo, hasa China, vinavyotumia parekoksibu, dawa ya kundi hilohilo, baada ya kuziba uvimbe. Kwa mwenye ini linalofanya kazi vizuri, figo nzima na tumbo lisilo na maji, bingwa anaweza kuamua hivyo kwa muda mfupi. Usiianzishe wewe usiku. Na sindano ya msuli, iwe ya dawa yoyote, usimchome mtu mwenye INR iliyopanda. Utamwachia uvimbe wa damu kwenye tako.

Tramadoli inaonekana ya katikati na ya upole, kwa hiyo watu huiandika bila kufikiri. Ini ndilo linaloigeuza kuwa kiini chenye nguvu ya kutuliza. Ini bovu hugeuza kidogo, na kilichobaki hukaa mwilini muda mrefu. Matokeo yake mgonjwa anabaki na maumivu, anapata kizunguzungu, na ukirudiarudia dozi unakaribisha degedege. Ukilazimika, toa miligramu 50 kila baada ya saa 12, usimpe mwenye kifafa wala anayetumia dawa za sonona, na kumbuka kwamba ondansetroni ya kichefuchefu inapunguza nguvu yake. Kodeini ina kasoro ileile ya kutegemea ini. Pethidini iache kabisa, kwa sababu mabaki yake hujilimbikiza na kuleta mitetemo na degedege.

Maumivu makali yanahitaji morfini au fentanili kwa dozi ndogo. Ni afadhali hivyo kuliko dozi kubwa ya dawa dhaifu.

Fentanili tunaipenda ndani ya chumba cha kuzibia au kuunguzia uvimbe. Inaanza kazi ndani ya dakika 1 hadi 2, hudumu karibu nusu saa hadi saa moja, na haiachi mabaki yanayofanya kazi, kwa hiyo inamfaa pia mwenye figo dhaifu. Chupa ya mikrogramu 100 ina mililita 2. Ongeza maji ya chumvi hadi mililita 10, kila mililita iwe na mikrogramu 10. Toa mikrogramu 25, yaani mililita 2.5, subiri dakika 3 hadi 5, hesabu pumzi, ongeza tena ikibidi. Ikichanganywa na midazolamu, dawa ya kusinzisha, punguza zote mbili, maana midazolamu hukawia sana kutoka kwa mwenye sirosisi. Kiraka cha fentanili hakifai kwa maumivu haya. Huchukua zaidi ya nusu siku kufikia nguvu yake, na homa ya baada ya kuziba huongeza kiasi kinachopenya ngozini.

Morfini inafaa wodini kwa sababu inadumu. Chupa ya miligramu 10 ongeza hadi mililita 10, toa mililita 1 hadi 2 taratibu kwenye mshipa, subiri dakika 10, rudia mpaka aweze kuvuta pumzi ndefu bila kushika ubavu. Ya kunywa anza na miligramu 2.5 kila baada ya saa 6 hadi 8. Usirukie kila saa 4 kama kwa mwenye ini zima. Soma lebo kwa sauti, kwa kuwa kuna maji ya miligramu 5 kwa mililita 5 na ya miligramu 50 kwa mililita 5, tofauti ya mara kumi. Uganda huzitenganisha kwa rangi, nyepesi ikiwa ya kijani. Kwingine unaweza usipate msaada huo. Kreatinini ikipanda, mabaki ya morfini hukaa mwilini, kwa hiyo hamia fentanili. Kila anayeanza morfini aanze na laktulosi, dawa ya kulainisha choo, mililita 15 hadi 30 mara mbili kwa siku, apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Kufunga choo kwa mgonjwa huyu huishia kwenye kuchanganyikiwa.

Lidokaini, dawa ya ganzi, ina saa yake. Ikipitishwa kwenye ateri ya ini kabla ya chembe, inapunguza maumivu. Baada ya kuziba haina njia ya kufika. Kwa sindano ya joto, ganzi ishuke hadi utando wa ini, maana ganzi ya ngozi tu haitoshi. Kwa mtu wa kilo 50, miligramu 3 kwa kilo ni mililita 15 za asilimia 1. Deksamethasoni nayo huanza kabla ya kuziba: jaribio la Japani lililochapishwa 2018 lilitumia miligramu 20 siku ya kwanza na 8 kila siku kwa siku mbili zilizofuata, na homa na kichefuchefu vilipungua. Pima sukari, na hakikisha dawa ya homa ya ini B haikatizwi.

Akizidi kulalamika, usikimbilie bomba la sindano. Mgonjwa aliyechomwa pajani analala chali saa kadhaa, na morfini hufunga mkojo. Bonyeza chini ya kitovu kwanza, huenda kibofu kimejaa. Tazama pajani kama damu inajikusanya. Baada ya kuunguza, kuhema haraka kunaweza kuwa hewa kwenye kifua. Presha ikishuka na tumbo kuwa gumu, fikiria uvimbe umepasuka. Maumivu yaliyokuwa yanaisha yakarudi siku ya nne na baridi kali, tafuta jipu la ini, hasa kama njia ya nyongo iliwahi kuwekewa mrija.

Pumzi zikishuka chini ya 8 kwa dakika na haamki ukimwita, mpe oksijeni, changanya naloksoni, dawa inayozima nguvu ya morfini na fentanili, miligramu 0.4 hadi mililita 10, toa mililita 1 au 2 kila baada ya dakika 2 mpaka apumue. Usimmiminie yote, maumivu yatamrudia kwa mpigo. Kisha usiondoke kitandani: naloksoni huisha kabla ya morfini, na kwa ini hili pengo hilo ni refu kuliko ulivyozoea.