Stata ya Volti 6 Katika Umeme wa Volti 12

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1962 ambayo umeme wake ni wa volti 6. Ninataka kuihamishia kwenye volti 12. Je, ni lazima nibadilishe stata (mota ya kuwashia injini)?

JIBU: Ndugu msomaji, si lazima, na kwa maoni yangu ni heri uiache stata hiyo mahali pake iwapo bado ni nzima. Mota yake imesukwa kwa waya mnene uliokusudiwa kupitisha mkondo mkubwa kwa sekunde chache tu, kwa hiyo itastahimili volti 12 na kuzungusha injini kwa kasi zaidi, mradi usishikilie ufunguo kwa muda mrefu, kwa kuwa joto ndilo litakaloiunguza. Hasara iliyopo ni kwamba meno ya stata na ya flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo stata hulizungusha) hugongana kwa nguvu zaidi, na koili ya solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) huweza kuungua mapema.

Usikimbilie kununua stata ya volti 12. Flaiwili ya gari lako ina meno 109, ilhali ile ya Beetle za volti 12 ina meno 130 na kipenyo chake ni kikubwa zaidi. Meno hayatashikana, na hata ukibadilisha flaiwili, nyumba ya giaboksi itahitaji kuchongwa ndani.

Nyaya zako za zamani zinafaa, kwani ni nene. Vinavyopaswa kubadilishwa ni betri, dainamo pamoja na regureta (kidhibiti volti) yake, koili ya kuwashia na globu zote. Mota ya waipa nayo isisahauliwe.