Mwaka 1571, na sisi tulikuwa wapi

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia mmetia nanga salama na nahodha amewaruhusu kushuka. Picha za Intramuros, ule mji mkongwe wa Manila wenye kuta, nimeziona zote, na ile uliyopigwa umekunja uso kwa jua nimeshawaonyesha majirani.

Swali lako nalirudia lisije likapotea katikati ya maneno yangu. Umeukuta mwaka 1571 umeandikwa huku na huku pale Manila, mwenzako Mfilipino akakueleza kuwa ndio mwaka Wahispania walipoufanya mji wao. Nawe ukataka kujua: mwaka huo duniani kulikuwa na nini kingine, na sisi huku tulikuwa wapi? Umemuuliza mwalimu mstaafu wa historia, basi usinung'unike barua ikiwa ndefu.

Nianze hapo uliposimama. Pale ilipo ngome ya Fort Santiago palikuwa na boma la Rajah Sulayman, mtawala Mwislamu aliyekuwa na undugu na wafalme wa Brunei. Hakuwa mtu wa porini. Alikuwa na mizinga yake, na wafanyabiashara wa China walikuwa wakifika kwake kabla Mhispania hajaonekana. Mwaka 1570 akaja Martín de Goiti, wakapigana, mji ukaungua. Mwaka uliofuata akaja mkubwa wake, Miguel López de Legazpi, na baada ya mapigano ya mashua pale Bangkusay mwanzoni mwa Juni, tarehe 24 mwezi huohuo akautangaza kuwa mji wa mfalme wa Uhispania. Hizo kuta za mawe ulizozipiga picha zilikuja baadaye. Mwaka wenyewe 1571 palikuwa na miti, makuti na askari wachache wenye njaa.

Sasa sikiliza kwa nini mji ule wa makuti ulikuwa jambo kubwa. Legazpi hakutoka Uhispania moja kwa moja, alitoka Mexico. Kuvuka Pasifiki kwenda Asia watu walishajua. Kurudi ndiko kulikowashinda, mpaka mwaka 1565 mtawa mmoja baharia, Andrés de Urdaneta, alipopanda kaskazini sana akaupata upepo wa kumrudisha Amerika. Wewe hili unalielewa kuliko mimi. Sisi huku kaskazi na kusi vimetuzoesha vibaya: upepo unakupeleka, ukingoja miezi michache unageuka na kukurudisha. Pasifiki haina ukarimu huo.

Na China ilikuwa na kiu ya fedha, yaani madini yenyewe, si pesa. Noti za karatasi za enzi ya Ming zilishaporomoka zamani, hakuna aliyezitaka, na serikali ikawa inazidi kudai kodi kwa fedha. Huko Canton kipimo kimoja cha dhahabu kilibadilishwa kwa vipimo kama 6 vya fedha. Huko Uhispania vilihitajika kama 12. Piga hesabu mwenyewe faida ya mtu atakayeifikisha fedha China. Fedha yenyewe ilikuwa Mexico na katika mlima wa Potosí, Bolivia ya leo, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, ambako wenyeji wa Andes walikuja kulazimishwa kuingia mashimoni kwa zamu. Kabla ya 1571 hapakuwa na kituo cha kudumu cha kuzikutanisha pande hizo mbili. Baada yake kikawapo. Mwaka 1573 meli mbili zilitoka Manila kwenda Acapulco zikiwa na vitambaa 712 vya hariri ya China na vipande 22,300 vya vyombo vya kaure. Safari hizo hazikukoma mpaka 1815. Kuna wanahistoria wanaosema kuwa biashara ya dunia nzima, kwa maana ya mabara yote yenye watu wengi kushikana, ilizaliwa mwaka huo mjini humo. Mimi nakubaliana nao.

Lakini ungekuwa Ulaya mwaka 1571 usingesikia jina la Manila. Huko watu walikuwa na lao.

Waturuki walikuwa wanaichukua Cyprus kutoka mikononi mwa Venice. Mji wa Famagusta ulizingirwa karibu mwaka mzima, ukasalimu amri mwanzoni mwa Agosti, na kamanda wake, Marcantonio Bragadin, aliyekuwa ameahidiwa kuondoka salama, akachunwa ngozi akiwa hai. Ngozi ikajazwa majani makavu ikatembezwa. Papa Pius V alikuwa ameshaunganisha Uhispania, Venice na wengine katika muungano mmoja, na tarehe 7 Oktoba merikebu zao zikakutana na za Waturuki karibu na Lepanto, Ugiriki. Kila upande ulikuwa na merikebu zaidi ya 200. Upande wa Wakristo uliongozwa na Don Juan wa Austria, kijana wa miaka 24, ndugu wa baba mmoja na mfalme Philip II.

Ile ilikuwa vita kubwa ya mwisho ya merikebu za makasia, na ukitaka kuielewa usiwatazame majemadari. Watazame waliokaa chini. Wavutaji makasia wengi walikuwa mateka na wafungwa, wamefungwa minyororo kwenye mabenchi. Wakristo wakizivuta merikebu za Waislamu, Waislamu wakizivuta za Wakristo. Merikebu ikizama, benchi linakwenda na mtu wake. Waturuki walishindwa vibaya, amiri wao Ali Pasha akauawa, na maelfu ya Wakristo wakafunguliwa minyororo siku hiyo. Kengele zikalia Ulaya nzima, na Wakatoliki hadi leo wana sikukuu ya Rozari tarehe hiyohiyo.

Na matokeo? Majira ya baridi hayakuisha, Istanbul, mji mkuu wa Waturuki, ikawa imeunda kundi jipya la merikebu. Inasimuliwa kuwa waziri mkuu Sokollu Mehmed Pasha alimwambia balozi wa Venice: sisi tumewakata mkono kwa kuichukua Cyprus, ninyi mmetunyoa ndevu tu, na ndevu zilizonyolewa huota nene zaidi. Mwaka 1573 Venice ikakubali kuiachia Cyprus na ikalipa fidia juu. Vitabu nilivyofundishia viliipa Lepanto kurasa, Manila mstari mmoja, na nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wageuze uzito huo.

Mengine nayapitia haraka. Mwezi Mei Devlet Giray, khan wa Krimea, aliichoma Moscow. Tsar Ivan, yule anayeitwa wa Kutisha, alikuwa ameshakimbia. Japani, Oda Nobunaga aliteketeza mahekalu ya Mlima Hiei pamoja na watawa wake, na mwaka huohuo meli za Wareno zikaanza kutia nanga Nagasaki, kijiji cha wavuvi hadi wakati huo. China ikafanya amani na Altan Khan wa Wamongolia. India, Akbar alianza kujenga Fatehpur Sikri.

Hapohapo India ndipo tunapokaribia nyumbani. Mwaka 1570 watawala wa India walikuwa wamechoka na Mreno. Adil Shah wa Bijapur akaizingira Goa, makao makuu ya Wareno, Nizam Shah wa Ahmadnagar akaizingira Chaul, ngome yao nyingine, na Samorin wa Calicut naye akaingia. Wareno wakaponea chupuchupu. Lisbon ikaona eneo lake la Bahari ya Hindi ni kubwa mno kwa mtu mmoja, hivyo mwaka 1571 ikaligawa sehemu tatu, na Afrika Mashariki yote, kutoka Rasi ya Corrientes, kusini mwa Msumbiji ya leo, hadi Guardafui, ncha ya Somalia, ikapewa gavana wake: Francisco Barreto. Kwa hiyo, kwenye karatasi, Sofala, Kilwa, Mombasa, Lamu, wote tulikuwa wa Barreto. Kwenye karatasi, nasema.

Barreto alikuwa ametumwa na mfalme Sebastião, mtoto ambaye hata miaka 18 hakuwa ametimiza, kwenda kuiteka nchi ya Mwenemutapa, mfalme wa nchi ya dhahabu kusini mwa Zambezi. Sababu iliyosemwa ni kisasi cha padri Gonçalo da Silveira, aliyeuawa huko mwaka 1561. Sababu ya kweli ni kwamba Mhispania alikuwa na Potosí, na Mreno alitaka yake. Kabla ya kuingia bara alizungukia pwani yetu hadi Pate, na padri aliyefuatana naye, Francisco Monclaro, ameandika kuhusu nguo za hariri zilizofumwa na watu wa Pate, ambazo Wareno wenyewe walizinunua wakaziuze miji mingine. Hicho ni kitu cha kushika: mafundi walikuwa kwetu, na mteja alikuwa huyohuyo mwenye mizinga.

Desemba 1571 jeshi likafika Sena, kwenye mto Zambezi, Msumbiji ya leo. Walikuta wafanyabiashara Waislamu, watu wa pwani, wamekaa pale miaka mingi pamoja na wenyeji. Muda si muda farasi wakaanza kufa. Wakafuata watu. Bonde lile ni nchi ya mbung'o na mbu, lakini Wareno hawakujua hivyo. Wakasema farasi wamelishwa sumu. Wakawakamata wale wafanyabiashara, wakawaua kwa mateso, wengine wakiwa wamefungwa kwenye midomo ya mizinga, na mali zao zikachukuliwa. Monclaro ameyaandika hayo bila kuona haya. Waswahili waliokufa Sena hawana picha ukutani kama mashujaa wa Lepanto, nami kila nikifika hapa hukasirika, hata sasa.

Farasi hawakuacha kufa. Barreto mwenyewe alifia Sena mwaka 1573 bila kumfikia Mwenemutapa. Aliyemrithi, Vasco Fernandes Homem, alipitia Sofala akafika hadi machimbo ya Manica, akakuta watu wanachimba kwa jasho jingi na kupata vumbi kidogo la dhahabu. Akarudi.

Sebastião naye alikufa vitani Morocco mwaka 1578 bila mtoto, na kufikia 1581 taji la Ureno lilikuwa kichwani mwa Philip II, ambaye Ufilipino umepewa jina lake. Ndiyo kusema Manila na Mombasa zikawa na mfalme mmoja, ingawa kila upande uliendeshwa na watu wake. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa jina la Philip huyohuyo, na aliyechora ramani ya ngome hiyo, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano.

Dada yako anakusalimu. Anasema viatu ni namba 39, si 38, na usinunue vyeupe. Mkipita Muscat niambie mapema, kuna mtu wetu pale ana mzigo wa baba yako.

Mama yako