Kufunga bendeji ni mwanzo tu: huduma ya kwanza kwa vijana wanaopanda milima

Vijana wengi wa Nairobi wanaopanda milima wikendi wanajua kufunga bendeji. Wanaojua kukaa na majeruhi saa nzima, pengine nusu siku, bado ni wachache. Mtu akianguka Moi Avenue, kazi yako ni ya dakika chache mpaka gari lifike. Mlimani gari halifiki. Ndiyo maana nawasihi viongozi wa vikundi: wafundisheni vijana kumtunza mtu, si kumfunga tu.

Niliona tofauti hiyo Elephant Hill, ule mlima wa Aberdare unaopandwa kutokea Njabini, ambao kilele chake kinapita mita 3,500. Tulikuwa tukishuka kwenye mianzi, matope kila mahali, msichana wa kundi jingine akateleza, mguu ukanaswa kwenye mizizi. Wenzake walitaka kumwinua papo hapo. Vijana wetu waliwazuia kwa upole. Mmoja akapiga magoti mbele yake, akajitambulisha kwa jina, akamwuliza: "Dadangu, unaumwa wapi? Umegonga kichwa? Shingo je? Unahisi ganzi popote?" Maswali hayo yana uzito. Anayeumwa shingo au mgongo baada ya kuanguka hasogezwi, ila kama pale alipo pana hatari kubwa zaidi.

Huyu alikuwa ameumia kifundo cha mguu peke yake. Walimvua kiatu taratibu, wakabonyeza ukucha wa kidole gumba na kuuachilia. Wekundu ukarudi upesi, kwa hiyo damu ilikuwa inafika. Wakachukua vipande viwili vya mwanzi mkavu, wakavizungushia sweta, wakaufunga mguu kwa leso. (Kwangu leso inashinda bendeji nyingi za dukani: ni pana, inafunga, inafunika, inabeba.) Kisha wakabonyeza ukucha tena. Hatua hii ya pili ndiyo husahaulika. Mguu huendelea kuvimba, na fundo lililokuwa sawa linaweza kuzuia damu baadaye. Kagua kila baada ya robo saa, uandike saa na ulichokiona.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ya kifundo ni baridi. Aliyekuwa akitembea ana jasho. Akikaa chini bila kusogea, nguo mbichi humpoza haraka, na ardhi yenye unyevu humnyonya joto kutoka chini. Blanketi juu pekee halitoshi. Vijana walimwaga vitu vyote kutoka kwenye mabegi, wakayatandaza mabegi hayo, wakamkalisha juu yake, wakambadilisha fulana, wakamvisha kofia. Chai yenye sukari alipewa kwa kuwa alikuwa na fahamu kamili na anameza vizuri. Ukiona majeruhi anatetemeka, maneno yanamkwama au anachanganyikiwa, jua baridi imeshamwingia.

Mtandao haukuwepo, kwa hiyo wawili waliteremka kuwatafuta walinzi wa msitu. Wawili, kamwe asiende mmoja. Walibeba karatasi: mahali alipo, umri, ameumia nini, saa ngapi, amefanyiwa nini. Mtu aliyetoka mbio hukoroga maneno, karatasi haikorogi. Mkipata mtandao, pigeni 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Simu ikigoma, jaribuni ujumbe mfupi, maana wakati mwingine hupenya.

Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza hapa Nairobi. Nendeni, lakini msiishie darasani. Jumamosi moja pandeni vilima vya Ngong, upepo ukivuma, mmoja alale kama majeruhi na wengine wamtunze asubuhi nzima. Hapo ndipo mtajua nani anachoka na nani anasahau kumsemesha.

Na mtu akiumwa na nyoka je? Swali hili huulizwa kila mara: msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Vueni pete na saa kabla ya uvimbe, kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, mtu abebwe hadi hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli ya kwenda Mlima Longonot, kiongozi apige simu aulize hospitali ya karibu yenye dawa hiyo ni ipi, na kila mwanakikundi aiandike.