Maswali ya Wasomaji: Umri wa Meli ya Kivita Victory

SWALI: Nimesoma kwamba meli ya Uingereza iitwayo Victory ilishuliwa (yaani iliteremshwa majini) mwaka 1765, nayo ndiyo iliyombeba Admirali Nelson katika mapigano ya Trafalgar dhidi ya Ufaransa na Hispania mwaka 1805. Yawezekanaje chombo cha mbao kipigane kikiwa na umri wa miaka 40? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Miaka uliyoitaja ni sahihi, ila umri huo umehesabiwa tangu chombo kiliposhuliwa, si tangu kilipoanza kazi. Mkuku wa Victory, yaani boriti ya chini inayobeba chombo kizima, ulilazwa kwenye gudi (mahali pa kuundia meli) la Chatham, Uingereza, mwaka 1759, wakati wa Vita vya Miaka Saba dhidi ya Ufaransa. Haraka ya kuikamilisha ilipopungua, mataruma (mbavu) yake ya mti wa mwaloni yakaachwa wazi kwa takriban miaka mitatu badala ya miezi michache iliyozoeleka, yakakauka barabara. Hata baada ya kushuliwa ilitia nanga tu katika mto Medway hadi mwaka 1778, Ufaransa ilipoingia katika vita vya uhuru wa Marekani. Mwaka 1780 ikavikwa mabamba ya shaba chini ya mstari wa maji, ili kuikinga na viumbe wa baharini wanaotoboa mbao, ambao mafundi wa majahazi wa huko kwenu wamezoea kupambana nao kwa shahamu.

Pamoja na hayo, ilichakaa. Mwaka 1797, baada ya mapigano ya Cape St Vincent, ilifanywa hospitali ya mateka wa vita, na nadhani ingeishia hapo kama meli nyingine kubwa, Impregnable, isingepotea mwaka 1799 na kuliacha jeshi la majini na upungufu wa meli za sitaha tatu. Matengenezo yaliyoanza mwaka 1800 yalikadiriwa kugharimu pauni 23,500, lakini kadiri mafundi walivyobandua mbao ndivyo kazi ilivyozidi, hata kufikia mwaka 1803 zikawa zimetumika pauni 70,933, ilhali ujenzi wenyewe uligharimu pauni 63,176. Kwa hiyo meli iliyopigana Trafalgar ilikuwa, kwa sehemu kubwa, na umri wa miaka miwili.

Siku hiyo ilipoteza mlingoti wa nyuma na watu 57, ikakokotwa hadi Gibraltar. Ilitengenezwa tena, ikahudumu katika bahari ya Baltiki, na mwaka 1812 ikamaliza safari zake za kivita. Tangu mwaka 1922 imo katika gudi kavu mjini Portsmouth, na mpaka leo imeorodheshwa rasmi miongoni mwa meli za jeshi la majini la Uingereza.