Wiki 3 au wiki 6: kuisoma ratiba ya dawa zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani

Mama mkubwa alipoanza kutibiwa saratani ya mapafu kwa pembrolizumabu, dawa ya dripu inayoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, ndugu zetu wa hapa Lubumbashi walibishana zaidi kuhusu ratiba kuliko kuhusu ugonjwa wenyewe. Karatasi ya kwanza iliandika miligramu 200 kila wiki 3. Iliyofuata ikaandika miligramu 400 kila wiki 6, na mjomba akashikilia kwamba mgonjwa anazidishiwa dawa.

Ukipiga hesabu, kiasi ni kilekile. Dawa hii hutoka mwilini polepole, ikihitaji siku zipatazo 22 ili ipungue kwa nusu, na ndiyo maana dozi mbili zinaweza kutolewa kwa pamoja. Marekani iliidhinisha ratiba ya wiki 6 mwaka 2020. Nivolumabu, dawa nyingine ya aina hiyo, hutolewa miligramu 240 kila wiki 2 au 480 kila wiki 4, kwa hiyo si vyema kulinganisha ratiba ya mgonjwa wako na ya jirani kabla ya kuuliza jina la dawa.

Kwa anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kutibiwa Zambia, safari zikipungua nusu ni nafuu kubwa, maana dripu yenyewe huchukua dakika 30 tu. Hata hivyo, mimi ningependelea mgonjwa aanze na wiki 3, ili daktari amwone mara kwa mara mwanzoni, na vipimo vya damu vya ini na tezi ya shingo visiahirishwe kwa sababu tu dozi iko mbali.

Kinga iliyoamshwa inaweza kushambulia utumbo, mapafu, ini au tezi, hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Hapo kwa kawaida daktari hapunguzi dozi. Huiahirisha au huisimamisha, na pengine hutoa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga. Mama mkubwa alipoharisha kutwa nzima, muuza dawa wa mtaani alikuwa tayari anamfungia vidonge vya amiba, kama tulivyozoea huku, lakini tulimpigia daktari kwanza, naye akatambua kuwa ni utumbo uliovimba kwa sababu ya tiba.

Tangu hapo, ndani ya pochi yake, pamoja na kadi ya mpiga kura, mna karatasi ya Kifaransa yenye jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho na simu ya daktari, na kila muuguzi huonyeshwa kabla ya kuandika chochote.