Akidi ilivyotutokea puani, wenye vikundi njooni hapa

Wenye VICOBA, kamati za harusi na vikao vya ukoo, hii ni yenu. Mi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Moshi, Pasua, mwaka wa sita sasa, na kitu kilichonipa presha kuliko hata marejesho ni neno moja dogo kwenye katiba yetu, akidi, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kuwepo ndo kikao kiweze kuamua. Siku nalisoma mbele ya watu mzee mmoja akadakia "akida? si waliondoka na Wajerumani hao?" tukacheka weee, tukapita kipengele bila kukijadili.

Katiba yenyewe tulikopi kwa kikundi kingine neno kwa neno. Akidi theluthi mbili, sisi tuko 30 kwa hiyo lazima wawepo 20. Sasa mwezi wa nne, mvua inapiga, watu wako shamba, hao 20 unawatoa wapi? Tukawa tunafungua kikao tuko 11, tuko 13, tunaomba dua tunaendelea. Ndo siku moja tuko 11 tukapitisha mkopo wa milioni mbili, mkopaji akakwama, na wale 19 wakagoma kabisa, "huo mkopo ni wenu nyie kumi na moja, mtagawana wenyewe". Ukisoma katiba walikuwa sahihi. Mi niliuza mbuzi wawili, tuyaache hayo.

Kwa hiyo la kwanza, akidi ihesabiwe kwa wanachama hai, sio kwa kila jina lililoko kwenye daftari. Sisi sasa hivi ambaye hajanunua hisa miezi mitatu hahesabiwi, tumebaki na hai 22, akidi 12.

Mbona 12 na sio 11? Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hata mi nilielewa kwa shida. Mpwa wangu yuko Arusha, Sakina, anafanya kazi za kompyuta, akaniambia anko hata seva, zile kompyuta za kutunza taarifa, zina akidi. Mnaweka seva 5 zinatunza taarifa zilezile, hakuna kinachoandikwa mpaka 3 zikubali, ili mtandao ukikatika katikati usipate pande mbili kila moja inajiamulia lake. Watatu wowote ukiwachukua, na watatu wengine wowote, lazima yupo mmoja aliyekuwepo kote kote, ndo anabeba habari. Nikapiga hesabu ya kwetu jasho likanitoka, kwa sababu wakati ule wanachama wa Majengo walipogombana na sisi wa Pasua, wao wangekaa kwao, sisi tungekaa kwetu, nusu kwa nusu, na kila upande ungetoka na muhtasari uliogongwa muhuri. Nusu kamili ni mtego, andikeni zaidi ya nusu.

Kwingine wanaenda chini kabisa. Bunge la Uingereza, ile nyumba yenye wabunge 650, akidi yake ni 40. Na 40 hiyohiyo ndo idadi ya watu wanaotakiwa ili swala ya Ijumaa iswaliwe kwa madhehebu ya Shafii. Ila msikimbilie kuiga namba ndogo kama kikundi chenu kinashika hela za watu, watatu wenye njaa wanaweza kuwamaliza.

Nyuki ndo walionifurahisha. Kundi likihama linatuma maskauti kutafuta pa kuishi, na hawasubiri nyuki wote wakubali, maskauti kama 20 hadi 30 wakikutana pamoja kwenye shimo moja basi wanarudi kuamsha kundi zima, safari. Hata bakteria wanaoishi ndani ya ngisi mdogo wa Hawaii, kila mmoja anatoa kemikali kidogo, wakiwa wachache inapotelea majini, wakijazana inakolea ndo wote wanawaka taa. Yaani hamna anayewaka peke yake.

La mwisho, hesabuni vichwa kabla ya KILA uamuzi, sio mwanzo tu. Watu wanaaga mmoja mmoja, huyu simu, huyu kaacha maharage jikoni. Na wengine wanatoka makusudi, hata Abraham Lincoln mwaka 1840 akiwa mbunge wa jimbo la Illinois aliruka dirishani na wenzake ili akidi ivunjike, bahati mbaya alishahesabiwa. Kwetu dirisha lina nondo, wanapitia mlangoni tu wanasema wanaenda kupokea meseji ya mpesa.

Jumapili iliyopita tulikuwa 11. Tukampigia mama mmoja yuko Mbuyuni sokoni, akasema yuko kwenye boda anafika, tukasubiri dakika 40 chai ikapoa, hakutokea. Nikafunga daftari. Aliyekuja kuomba mkopo wa ada kaninunia mpaka leo, jana tumepishana stendi kageuka upande wa pili.