Jibu: Mgodini wiki mbili, nyumbani wiki moja
Pole kaka. Umesema unafanya kazi mgodini Geita wiki mbili, unaruka Dar wiki moja, na siku mbili za mwanzo nyumbani ni ugomvi mtupu. Kama unamalizia zamu za usiku, mchawi wa kwanza ni usingizi: ukifika nyumbani lala kwa muda wa saa moja na nusu tu, kisha kaa macho mpaka saa tatu usiku. Siku hiyo msijadili ada wala madeni. Usipangue utaratibu wa shemeji. Yeye ndiye anayeiendesha nyumba, na mtoto akizoea kulala saa mbili usiku, alale saa mbili hata ukiwepo. Pesa ya matumizi mwachie kabla hujapanda ndege, asiombe. Ukiwa zamu ya usiku, piga simu saa kumi na moja jioni kabla ya basi la kambini, hata dakika tano.